Kadi Aliyoichelewesha Fundi

9 Februari

Mdogo wangu,

Habari za huko barabarani, na masufuria yako yanaendeleaje? Sisi huku wazima, isipokuwa goti la Mama limeanza tena ubishi. Ukimwambia apumzike anakujibu kwamba kupumzika kunazeesha, kisha unamkuta juu ya kiti anafuta utando wa buibui darini. Blanketi ulilomtumia amelipata. Anasema halina joto, lakini hataki mtu mwingine aliguse.

Haya, najua habari za goti umezisoma kwa jicho moja. La pili liko kwa Chiriku wako.

Binti yako amemaliza wiki ya tano bwenini. Siku ya kwanza alilia, ya pili akalia, ya tatu akasahau kulia kwa sababu alikuta bembea. Shule ina watoto arobaini na mmoja. Wapo wasiosema kabisa, wapo wenye neno moja la kutwa nzima, na yupo mmoja ambaye akianza kusema alfajiri haachi hadi mlezi wa bweni aombe poo. Huko kwetu sisi tulimwita mtoto wetu Chiriku kwa utani, kwa kuwa hajatamka neno tangu azaliwe, na watu wakatuona wakatili. Hapa jina limependwa, na mwalimu wake analitaja kama jina la heshima.

Mwalimu huyo ana mtindo wake. Kila mtoto asiyesema anavaa kiunoni mkanda wenye kadi za mbao nyembamba, kila moja ya kutosha kiganja, na kila moja ina picha: maji, mkate, choo, mpira, kulala, nyumbani. Akitaka kitu anachomoa kadi na kukutia mkononi, nawe unampa anachotaka. Sheria ya mwalimu ni kwamba kadi ikishatua mkononi mwako huruhusiwi kujifanya hukuiona, hata kama wewe ni Mwalimu Mkuu na una wageni.

Na nani anazichonga na kuzichora? Ndugu yako, fundi seremala wa shule. Nimemaliza kadi mia mbili na arobaini kwa wiki mbili, kucha zote zimejaa rangi. Mkate nilioutia rangi ya udongo ulifanana na kiatu, na kuna mtoto aliyeutoa kila asubuhi akitaka avalishwe. Nikaupaka upya.

Sasa kaa chini. Jumatano iliyopita Chiriku alimfuata mwalimu kutoka mwisho wa uwanja, akachomoa kadi ya maji, akamtia mkononi, akamtazama usoni. Miaka tisa, mdogo wangu, na hilo ndilo ombi lake la kwanza. Nilikuwa natengeneza bawaba ya dirisha. Nilijigonga kidole kwa nyundo na sikusikia maumivu mpaka jioni.

Kaka yako, fundi

24 Februari

Kaka,

Shikamoo. Barua yako imefika na lori la saruji, imelowa kona moja, lakini habari yake haikulowa. Mimi mzima. Kambi imehamishwa mbele kilomita nane, kwa hiyo jiko nimelijenga upya, na mawe ya huku yanapasuka kwa moto. Nawapikia watu sitini, na wote wanaamini chumvi ni uchawi wangu dhidi yao. Mtandao wa simu bado hatuna. Si kitu. Kwenye simu ungenichekesha mpaka nisahau nilichotaka kuuliza, kwenye karatasi huponi.

Ile habari ya maji nimeisoma mara nne. Mara ya tano nilimsomea fundi wa greda, mtu mzima ana mvi, akajifanya vumbi limemwingia machoni.

Nina maswali, na usiyajibu kwa utani. Analala? Akiamka kabla ya wenzake anafanya nini? Wanapochoka naye, maana najua anachosha, wanamweka wapi? Mlango wa bweni una komeo upande gani, wa ndani au wa nje? Usiniulize kwa nini nauliza la komeo. Nijibu tu.

Mwambie Mama atulie darini. Na wewe, kidole umekitia dawa?

Mdogo wako, mpishi

2 Aprili

Mdogo wangu,

Nimechelewa kukujibu, najua. Kulikuwa na madawati ya kutengeneza, kisha mvua, kisha lori lenu likapita siku ambayo sikuwa stendi. Mama hajambo. Kidole kimepona, ukucha umedondoka.

Makomeo ya bweni yako ndani. Niliyafunga mwenyewe.

Chiriku yuko, anaendelea, ila amerudi nyuma kidogo. Mwalimu anasema hutokea. Chai ya asubuhi haigusi. Analowesha kitanda, na hakuwa akilowesha. Ule ushoroba unaopita karibu na stoo hataki kuupita, anazunguka nje kote, hata mvua ikinyesha. Zile kadi zake alizitupa chooni zote sita, nikamchongea nyingine, akazitupa tena. Na funguo. Akisikia mlio wa funguo anaanguka chini na kupiga kelele mpaka sauti inakauka.

Mwenye funguo hapa ni mlezi wa bweni. Anatembea na mkungu mzima kiunoni, unamsikia kabla hujamwona. Ni mama wa makamo, mwenye sauti ya kufukuza kunguru, ingawa sijawahi kuona akimpiga mtoto. Simsemi kwa ubaya. Nakuandikia nilichokiona.

Usiwe na wasiwasi. Mtoto ni mtoto, atapita.

Kaka yako

15 Aprili

Kaka,

Shikamoo. Sisi huku wazima wa mwili. Mvua imekata barabara tuliyoijenga wenyewe, watu wanacheka kwa uchungu. Basi, salamu zimetosha.

Unaandika kama mtu anayetembea juu ya miiba. Mtoto wangu anaanguka chini akisikia funguo, nawe unaniambia atapita. Atapita kwenda wapi? Leo wali wa watu sitini umeungua mikononi mwangu, na hakuna aliyenigombeza, ndipo nikajua sura yangu ikoje.

Mmemtazama mwili? Ana alama? Mwanamke amtazame, si wewe. Kucha, magoti, mgongo. Na huyo mlezi anaingia naye wapi na funguo zake? Kuna nini huko stoo? Mtoto asiyesema ni mzigo mwepesi kwa mtu mbaya, kaka, kwa kuwa hakuna atakayemshitaki. Nimelifikiria jambo hili kila siku tangu alipozaliwa. Nilipokupelekea nilijua shule haina mlinzi anayesoma mioyo, lakini ina mjomba wake. Nilikuamini wewe, si shule.

Nenda kwa Mwalimu Mkuu. Mwambie mama wa mtoto anataka huyo mlezi aulizwe mbele ya watu. Kama hutaki kusema kwa kinywa chako, mpe barua hii asome.



Mdogo wako

11 Mei

Mdogo wangu,

Salamu za Mama. Anataka kujua kama huko kuna baridi. Mimi nipo.

Barua yako nilimpa Mwalimu Mkuu, kama ulivyosema. Kikao kikafanyika darasani, watu wazima tumekaa kwenye vile viti vidogo, magoti yakifika kidevuni. Muuguzi alisema hakuna alama mwilini, isipokuwa kucha tatu za mkono wa kulia zilizokuwa zimevunjika tangu mwezi wa tatu na sasa zinaota. Kisha Chiriku akaletwa. Mlezi alipoinuka kumsogelea, funguo zikalia, na mtoto akajirusha chini na kujificha kwa mwalimu. Hapakuwa na haja ya maneno mengine. Watu wote waliona.

Mlezi hakupiga kelele. Kumbe ile sauti ya kunguru anaweza kuiacha nje. Alisema, "Miaka kumi na mmoja nimewaogesha watoto hawa. Huyu sijamtendea lolote, na aliyemtenda anajua." Kisha akavua ule mkungu kiunoni, akauweka mezani, akaenda kufunga mizigo yake. Watoto wawili walimfuata mpaka getini wakimpa kadi ya kulala, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa akiwalaza.

Mimi sikusema kitu kikaoni. Niliona ni mambo ya wakubwa.

Imepita wiki sasa na Chiriku hajabadilika. Funguo amepewa mwalimu wa michezo, na akizitikisa mtoto anaanguka vilevile. Mwalimu wake amekaa na jambo hili, na juzi alikuja karakana akasimama mlangoni. Alisema tumekosea sote tangu mwanzo. Tuliwapa watoto kadi za kuomba wanachotaka, tukadhani tumewapa kinywa. Hakuna hata moja ya kusema naogopa. Ameniagiza nichonge hiyo, moja kwa kila mtoto.

Sijaanza. Rangi nyekundu imekwisha.

Kaka yako

28 Mei

Kaka,

Shikamoo. Kambini wazima.

Rangi nyekundu. Mtu aliyechonga kadi mia mbili na arobaini kwa wiki mbili anaomba radhi kwa kukosa rangi. Chora kwa mkaa. Chora kwa msumari.

Mlezi ameondoka na mtoto wangu bado anaanguka. Basi kama si yeye ni nani? Umesema kucha zilivunjika mwezi wa tatu. Mwezi wa tatu hukuniandikia. Wewe, ambaye uliniandikia barua nzima kuhusu mkate unaofanana na kiatu.

Sikushitaki. Naogopa tu, na mwenye hofu hupiga kila mlango. Itengeneze hiyo kadi, kaka. Mtoto aseme mwenyewe.

Mdogo wako

22 Juni

Mdogo wangu,

Mama hajambo, goti halijambo. Leo sina utani.

Kadi niliichonga. Ni uso wenye macho yaliyotoka, na mkono umefunika mdomo. Mwalimu aliifundisha kwa wiki mbili. Radi ikipiga, anaitoa yeye na kujishika kifua. Mbwa wa jirani akibweka, anaitoa. Mashine yangu ya kukatia mbao ikinguruma, anaitoa. Watoto waliielewa upesi kuliko mkate. Yule msemaji wao alikwenda akamtilia mbwa mwenyewe kadi mdomoni, ikabidi nichonge nyingine. Chiriku aliivaa kiunoni na hakuitupa. Ndiyo kadi pekee ambayo hakuitupa.

Jumanne, saa nne asubuhi, tulikuwa watu kadhaa uwanjani. Mwalimu, mpishi wa shule, yule mwalimu wa michezo na funguo zake, na mimi nimesimama mlangoni pa karakana na randa mkononi. Chiriku akaichomoa ile kadi. Mwalimu akapiga goti na kukunjua kiganja, akidhani inakuja kwake. Mtoto akampita. Akampita mpishi. Akampita mwenye funguo, na zilikuwa zinalia, na safari hii hakuanguka. Alikuja mpaka kwangu. Alinitia kadi mkononi, akanitazama usoni kama alivyomtazama mwalimu siku ya maji.

Ni mimi, mdogo wangu.

Tarehe kumi na mbili Machi walikuja wakaguzi. Ratiba ya asubuhi ilivurugwa kwa ajili yao, na Chiriku hapendi ratiba ikivurugwa, akaanza kupiga kelele na kujigonga kichwa. Mwalimu Mkuu aliniangalia kwa jicho la kuniambia huyu ni wa kwenu. Nilimbeba mpaka stoo ya mbao iliyo nyuma ya ushoroba, nikamwingiza, nikafunga kwa ufunguo wangu wa stoo. Nia yangu ilikuwa dakika kumi. Wakaguzi wakataka kuona madawati, kisha vyoo, kisha wakanisifu kwa kadi, nami nikasifika, nikaeleza moja baada ya nyingine. Wenzangu walidhani nimempeleka kwa Mama. Nilipokumbuka ilikuwa saa tisa kasoro. Nilimkuta chini ya mbao, kimya, vidole vina damu kwa kukwaruza mlango. Kadi zake zote sita alikuwa amezipenyeza chini ya mlango, nje. Nilizikuta sakafuni zimepangana. Maji, choo, nyumbani. Watu walipita pale wakiziruka.

Nilimwosha, nikamkata kucha, nikanyamaza. Nilinyamaza kwako, nikanyamaza kikaoni mama wa watu akivua funguo zake. Kila siku nilisema nitasema kesho.

Jumanne ile niliipokea kadi na nikasema pale pale, mbele ya wote. Mwalimu alilia. Mwalimu Mkuu ameniondoa kazini, na amekwenda mwenyewe kumwomba mlezi arudi. Amerudi. Nilimwomba radhi, akanijibu kwamba radhi aipokee Chiriku kwanza, yeye atafuata.

Kuna jambo moja zaidi, na silisemi ili tugawane kosa, kosa ni langu. Siku ile unaondoka, begi liko begani, uliniambia hivi: "Akizidi mfungie mahali penye giza, ananyamaza." Sikukuuliza ulijuaje. Nilitenda tu.

Ndugu yako

9 Julai

Kaka,

Leo sikuamkii, na salamu sina. Barua yako nimekaa nayo siku sita mfukoni mwa aproni, imeota mafuta.

Siku tatu za kwanza nilikuchukia. Nilipika, nikakuchukia, nikaosha vyombo, nikakuchukia. Nilikuwa na maneno ya kukuandikia ambayo Mama akiyasikia angenikana. Ya damu vidoleni, ya kadi chini ya mlango na watu kuziruka. Siku ya nne maneno yakaniishia, kwa sababu kila nililoliandika kwako lilirudi na jina langu.

Uliniuliza nilijuaje. Hukuuliza, lakini uliandika kwamba hukuuliza, ni yale yale. Nilijua kwa kuwa nilifanya. Miaka mitatu kabla ya shule yenu, kila siku ya kazi, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa saba mchana. Chumba changu kilikuwa na komeo la nje. Nilimwachia maji kwenye kikombe cha plastiki na mkate, nikafunika dirisha ili asione watoto wenzake wakicheza akapiga kelele. Mama alidhani ninamwacha kwa jirani. Jirani alidhani mtoto hayupo. Nikirudi namkuta amekaa nyuma ya mlango, kimya, nami nikawa nawaambia watu kwamba binti yangu ametulia, hana usumbufu. Nilijivunia ukimya ule. Hakuwa na kadi za kupenyeza, kaka. Sijui angepenyeza nini.

Kwa hiyo nilipouliza la komeo nilijua ninachouliza. Na nilipomtupia mlezi kosa lile nililitupa kwa nguvu zote, kwa sababu nilitaka mtu mbaya apatikane upesi na asiwe mimi. Mwambie nitampigia magoti nikifika. Wewe umesema mbele ya watu kwa sababu mtoto alikukuta. Mimi hajanikuta bado, nina barabara na milima katikati yetu, nimejificha nyuma ya masufuria.

Msimamizi amenipa ruhusa. Naondoka na lori la Alhamisi, nitakuwa getini Jumamosi asubuhi, saa ambayo watoto wako uwanjani. Nimemwomba Mungu miaka tisa mtoto wangu aseme, hata kwa ishara, hata mara moja. Sasa anasema, na tangu juzi siwezi kula. Najua atanitazama usoni. Najua mkono wake utakwenda kiunoni, na sijui utatoka na kadi gani.

Najua pia moyo wa mwalimu. Ataona huruma, mama ametoka mbali, ataichomoa ile kadi ya kuogopa mkandani kabla sijafika. Mwambie asifanye hivyo. Mwambie aiache pale pale ilipo, na watu wote wakae mbali. Mimi nitakaa chini uwanjani nikunjue mikono.

Mama yake